Jinsi ya kuandaa mpango wa kuendesha kazi janga likitokea: mwongozo kwa ofisi ndogo za Mombasa

Kila mvua za vuli zinapokaribia, maswali huwa ni yale yale. Katibu wa sacco anauliza anunue jenereta ya ukubwa gani. Meneja wa ofisi ya uwakala wa forodha anauliza bekapu ziwekwe wapi. Mkuu wa shule anataka fomu ya mpango aijaze majina na kuipiga muhuri, kwa sababu mfadhili ameitaka. Nimeyajibu kwa simu mara nyingi. Sasa nayaandika pamoja, ili uweze kuifanya kazi hii mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwongozo huu ni wa taasisi yenye watu 5 hadi 50 hivi: zahanati, shule, sacco, shirika la kijamii, duka la jumla, ofisi ya forodha. Benki na hospitali kubwa zina wataalamu wao na kiwango cha kimataifa cha mipango ya namna hii, ISO 22301. Wewe huhitaji cheti. Unahitaji karatasi sita au saba ambazo mfanyakazi wako ataweza kuzifuata saa tatu usiku, stima imepotea na wewe hupatikani.

Shika jambo moja kabla hatujaanza: usianze na majanga, anza na kazi. Wengi huketi wakaorodhesha moto, mafuriko, tsunami, wezi na maandamano, wakachoka kabla ya kuandika lolote la maana. Iwe stima imekatwa na radi au na lori lililogonga nguzo, kwako ni mamoja: kuna kazi imesimama, na ikisimama kupita muda fulani hasara yake hairudi tena.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Asubuhi moja isiyo na wateja. Jumamosi inafaa.
- Watu wanne mezani: anayeshika pesa, anayeshika kompyuta, anayeonana na wateja, na mlinzi au mhudumu wa usafi. Usimwache huyo wa nne. Yeye ndiye anayejua swichi kuu ya stima ilipo na maji huingilia mlango upi mvua ikinyesha.
- Orodha ya wafanyakazi wote, namba zao za simu na mitaa wanayoishi.
- Kalenda ya mwaka yenye tarehe zenu za malipo na za kuwasilisha ripoti.
- Diski mbili za nje, zenye nafasi ya kutosha data yenu yote.
- Mafaili mawili ya plastiki yasiyoingia maji.
- Barua fupi ya mkuu wa taasisi inayosema nani ana ruhusa ya kutumia pesa za dharura, na hadi kiasi gani. Bila barua hiyo, siku ya siku mtu atasimama dukani na hawezi kununua hata lita tano za dizeli.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, na muda ambao kila moja inaweza kusimama

Andika kila kazi mnayoifanya, kisha uliza maswali mawili. La kwanza: ikisimama, tunaanza kuumia baada ya muda gani? La pili: data ya kazi hii ikipotea, ni ya siku ngapi tunayoweza kukaa chini tukaiandika upya? Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yatakayokuambia ununue nini na uache nini.

Zahanati yenye friji ya chanjo haina siku nzima ya kungoja, maana chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wakala wa forodha anaweza kulala usiku mmoja bila mfumo, ila siku za bure za kontena bandarini zikiisha, storeji inaanza kuhesabiwa na mteja hatataka kujua kwamba stima ilikuwa imepotea. Sacco inaweza kuahirisha mkutano lakini haiwezi kuahirisha mkopo wa mwanachama aliyelazwa.

Tazama na kalenda. Kompyuta ile ile ya mhasibu, ikiharibika tarehe 12 mnaweza kuvumilia siku tatu. Ikiharibika tarehe 8 jioni hamna muda, kwa sababu PAYE (kodi ya mishahara) ya mwezi uliopita inatakiwa kufikia tarehe 9. Vivyo hivyo tarehe 19, kwa sababu ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20. Ziwekee tarehe hizo alama nyekundu.

*Kosa la kawaida:* kuandika "haiwezi kusimama hata dakika moja" mbele ya kila kazi. Ukifanya hivyo hujachagua kitu. Lazimisha mpangilio: kazi tatu za kwanza, tano zinazofuata, na zilizobaki zingoje wiki.

Hatua ya 2: Chini ya kila kazi, andika inategemea nini na nani

Stima, intaneti, simu ya malipo, mfumo wa serikali, gari, ufunguo wa kabati, sahihi ya mtu. Andika vyote, kisha zungushia duara kila kitu kilicho kimoja tu.

Nakwambia kwa uchungu: katika ofisi ndogo, kitu kimoja hicho mara nyingi ni binadamu. Ofisi moja niliyofanya kazi zamani haikuungua wala kufurika. Mhasibu alikwenda Hija. Nywila za kodi alikuwa nazo yeye, na laini ya simu inayopokea namba za siri za kuingilia mfumo ilikuwa mfukoni mwake, Makka. Tulilipa faini, na mishahara ikachelewa watu wana watoto wa kupeleka shule. Hakuna aliyefanya ubaya. Hatukuwa tumekaa tukauliza.

Kwa hiyo kila kazi ya kundi la kwanza iwe na mtu wa pili ambaye amewahi kuifanya kwa mikono yake mwenyewe. Laini ya simu inayopokea namba za siri iwe ya taasisi na ikae ofisini. Sahihi za benki ziwe za watu watatu, wawili kati yao wakitosha. Nywila ziandikwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya mshono, na bahasha ikae ndani ya sefu.

Hatua ya 3: Chora ramani ya watu wako na njia zao

Mipango ya kunakili kutoka kwingine huanguka hapa, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya mji ulio kisiwani. Ofisi yako ikiwa Moi Avenue au Ganjoni, watu wako huingia kwa milango mitatu: feri ya Likoni kwa wa Kusini, daraja la Nyali kwa wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa, na Makupa au Kipevu kwa wa Changamwe, Mikindani na Jomvu. Mlango mmoja ukifungwa, theluthi ya ofisi haiji. Siku ya maandamano au mafuriko, miwili inaweza kufungwa pamoja.

Chora karatasi yenye duara la kisiwa katikati na pande tatu. Andika kila mfanyakazi analala upande gani, kisha tazama kazi tatu za kwanza. Kama mhusika mkuu na msaidizi wake wote wanavuka feri ya Likoni, badilisha msaidizi. Barabara ya Dongo Kundu inamsaidia mwenye gari kuzunguka kutoka Kusini hadi Miritini bila feri, lakini usiitegemee kwa mfanyakazi anayepanda matatu.

Kisha chagua mahali pa pili pa kufanyia kazi. Pasiwe jengo jirani: moto wa mtaa, stima ya mtaa na maji ya mtaa vitawashika nyote wawili. Chumba katika tawi lenu la bara, shule ya rafiki au sebule ya mkurugenzi Bamburi, vyote vinafaa, mradi mmekubaliana kwa maandishi, kuna meza na stima, na mtu amewahi kukaa pale akafanya kazi siku nzima.

Mwulizeni na mzee anayeijua bahari. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, mitaro inayomwaga baharini haina pa kumwaga na maji hurudi mitaani. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliwashangaza watu ambao hawakuwa na habari kwamba ghorofa yao ya chini ni bonde. Weka kalenda ya bamvua karibu na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Siku vikikutana, inueni vitu sakafuni kabla ya kufunga ofisi.

Hatua ya 4: Stima

Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikosa stima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku ya pili. Desemba ya mwaka huo huo ikatokea tena. Panga kwa saa ishirini na nne, si kwa saa mbili.

a) UPS ndogo (kisanduku cha betri ya akiba) ya kila kompyuta ya mezani inakupa dakika kumi hivi za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usitarajie zaidi.

b) Ruta ya intaneti inakula stima kidogo sana. Inunulie UPS yake ndogo ya volti 12. Ni pesa chache, na mara nyingi hiyo pekee inawafanya wenye laptopu waendelee kwa saa kadhaa.

c) Kuhusu ukubwa wa jenereta: jumlisha wati za vitu vya kazi tatu za kwanza tu, kisha ongeza theluthi. Vitu vyenye mota kama friji na pampu huvuta mara tatu au zaidi vinapoanza kuwaka, basi hesabu hivyo. AC iache nje ya hesabu. Kwa ofisi ya ghorofani mjini, mimi napendelea inveta (kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani) na betri kuliko jenereta: haina moshi, haina kelele, na hakuna atakayebeba petroli ngazini.

*Onyo ambalo sitalirudia kwa upole:* jenereta isiwashwe ndani ya chumba wala kwenye korido. Moshi wake unaua bila harufu ya kumwamsha mtu. Na isiunganishwe kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Stima hiyo inarudi kwenye laini na inaweza kumuua fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo. Fundi mwenye leseni afunge swichi ya chenjiova, inayotenga stima ya jenereta na ile ya laini.

Iwasheni kila mwezi kwa nusu saa, ikiwa imebeba mzigo halisi. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu inakula viunganishi, na jenereta iliyokaa miezi minane bila kuguswa haiwaki siku unayoihitaji.

Hatua ya 5: Intaneti na mifumo isiyo yako

Kampuni mbili za intaneti si lazima ziwe njia mbili. Nyaya zao zinaweza kupita nguzo moja, na nje ya nchi zikategemea kebo zile zile za chini ya bahari. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari yetu na kuikata kebo ya TEAMS. Mei 2024, kebo nyingine mbili, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, mbali huko kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Chukua faiba kwa mtoa huduma mmoja na data ya simu kwa mwingine, halafu jiulize: intaneti ikiwa nzito kabisa siku mbili, kazi gani tunaifanya kwa karatasi?

Swali hilo ndilo litakalokuokoa hata mifumo ya serikali inapogoma. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa na huduma nyingi zikayumba, na hapakuwa na ofisi ndogo yoyote ambayo ingeweza kuirekebisha. Unachoweza ni kuwa na fomu za karatasi, kitabu cha risiti chenye namba, na mtu aliyeteuliwa kuingiza kila kitu mfumo ukirudi. Kwa malipo, muwe na njia mbili za simu kutoka kampuni tofauti na namba ya akaunti ya benki, zote zimebandikwa kaunta.

Hatua ya 6: Data

Kanuni ni nakala tatu: ya kazini, ya pili kwenye kifaa kingine, ya tatu nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo ifanye hivi:

a) Kila jioni, mafaili ya kazi yapande kwenye hifadhi ya mtandaoni yenyewe, bila kumtegemea mtu kukumbuka.

b) Kila Ijumaa, nakili yote kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski inayobaki imechomekwa wiki nzima si bekapu. Programu za kuteka data zikiingia kwenye kompyuta zinafunga kila kilichounganishwa nayo, diski ikiwemo.

c) Diski ziwe mbili zikipokezana. Moja ofisini ndani ya sefu, nyingine nje ya kisiwa kama ofisi iko kisiwani, au kisiwani kama ofisi iko bara. Ziwekwe ndani ya kisanduku kinachofungwa barabara, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Unyevu wa Mombasa hauna huruma.

d) Zifungwe kwa nywila. Diski yenye majina ya wagonjwa au wanachama ikiibwa matatuni, hilo nalo ni janga.

e) Mara moja kwa miezi mitatu, chukua kompyuta ambayo haina kitu na urudishe data kutoka kwenye diski. Fungua faili la mahesabu. Tafuta muamala wa wiki iliyopita. Andika imechukua muda gani.

Hatua (e) ndiyo inayorukwa na kila mtu, na ndiyo ninayokusihi usiiruke. Nimekaa na watu waliokuwa na diski tano zilizopangwa vizuri, zenye tarehe kwa kalamu, na ndani hamna chochote kinachofunguka. Walikuwa wakinakili vijia vya mkato vya mafaili, si mafaili yenyewe, kwa miaka miwili.

Seva na UPS visikae sakafuni. Viinue sentimita 60, na visikae chini ya tangi la maji wala bomba la AC. Karibu navyo pawe na mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi. Wa maji usiguse moto wa stima.

Hatua ya 7: Karatasi ya saa ya kwanza

Upande mmoja wa karatasi, herufi kubwa, Kiswahili cha kila siku. Iseme hivi, kwa mpangilio huu: watu watoke na wakusanyike wapi, nani anahesabu vichwa, simu za dharura (999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu), nani anazima stima na swichi iko wapi, nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba mpango umeanza, na akikosekana, ni nani na nani baada yake.

Chini yake uweke mnyororo wa simu: mkuu anapigia watatu, kila mmoja anapigia wanne. Usitegemee kundi la WhatsApp, maana intaneti ikianguka linaanguka nayo. Tumieni meseji ya kawaida na simu ya sauti. Namba ziwe zimechapishwa, kwa sababu simu yako yenyewe inaweza kuzima.

Andaa pia maneno ya kuwaambia wateja, sentensi tatu: kilichotokea, kinachoendelea kufanya kazi, na lini watasikia tena kutoka kwenu. Mtu mmoja tu ndiye azungumze.

Hatua ya 8: Bima na sheria

Piga picha za vifaa vyote na namba zake. Soma bima yako neno kwa neno: bima ya moto hulipa meza iliyoungua, lakini mapato ya miezi mliyofunga huhitaji kifungu chake, na vurugu za kisiasa kwa kawaida huhitaji kingine. Rekodi za kodi zitunzwe miaka 5. Na data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Weka jina la atakayeandika barua hiyo.

Hatua ya 9: Fanya zoezi

Keti na watu wako dakika arobaini. Waambie: "Ni tarehe 8, saa kumi jioni. Maji yameingia ghorofa ya chini, stima haipo, daraja la Nyali limejaa magari. Kila mmoja aseme anafanya nini sasa." Nyamaza usikilize. Kila mahali wanapotazamana bila jibu ndipo mpango una tundu. Yaandike, myazibe wiki hiyo hiyo. Rudieni mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mara moja kwa mwaka mwondoe mkuu chumbani, zoezi lifanyike bila yeye.

Mambo yakigoma

*Bekapu inafunguka lakini programu ya mahesabu haiisomi.* Toleo la programu ni tofauti. Hifadhi kisakinishi chake na namba ya leseni kwenye diski ile ile, na uandike toleo.

*UPS inalia na kuzima papo hapo.* Betri imechoka, na joto la hapa huzichosha mapema. Ibadilishe. Pia hakikisha hakuna printa ya leza iliyochomekwa humo.

*Jenereta inawaka lakini kompyuta zinajizima.* Imezidiwa, au stima yake haitulii. Zima friji na taa zisizo za lazima, kisha washa kimoja kimoja. Ikiendelea, mwite fundi aipime volti ikiwa na mzigo.

*Nusu ya namba za mnyororo hazipatikani.* Zihakikishe kila mwisho wa mwezi mtu anaposaini mshahara wake. Siku hiyo hakuna anayekosa.

*Mkuu hataki kutoa pesa.* Usimtishe kwa hadithi za tsunami. Chukua mapato ya mwezi, gawanya kwa siku za kazi, ongeza mishahara ya siku moja na faini za tarehe 9 na 20. Mwekee mezani hesabu hiyo pembeni ya bei ya diski mbili na UPS ya ruta. Hatua ya 1, 2, 3, 7 na 9 zinataka muda wenu tu, basi zianzeni huku mkingoja jibu lake.

*Umeanza, umekwama hatua ya kwanza, orodha haiishi.* Iache. Chukua kazi moja tu, mishahara, na uipitishe hatua zote tisa wiki hii. Wiki ijayo chukua ya pili.